Macho Aliyoyachora Clotilde

Dada yangu Clotilde alikuwa na mkono mwepesi kuliko mtu yeyote niliyemjua katika mji wetu wa Likasi, na mkono huohuo ndio uliotuharibia. Nasema mapema ili mtu asije akadhani nitamsifu tu. Nitamsifu, maana anastahili. Nitamlaumu pia, na si yeye peke yake.

Tulizaliwa wasichana watatu katika nyumba ya kambi ya wafanyakazi, Shituru, ambako baba alikuwa fundi wa tanuri. Clotilde ndiye wa kwanza, mimi Marceline ni wa katikati, na Hélène alikuwa kitinda mimba, mtoto wa uzeeni, aliyepewa kila kitu alichokililia. Clotilde alisoma kwa masista, wakamfundisha kutarizi. Sista mmoja alisema mtoto huyu angeweza kutarizi juu ya utando wa buibui. Halafu akaolewa na Evariste, mpiga picha mwenye studio mtaani Kikula, si mbali na soko, na masista wakasikitika kwamba mkono ule umepotea. Haukupotea. Ulihama tu kutoka kwenye kitambaa ukaenda kwenye nyuso za watu.

Evariste alijua kupanga taa, kuwaambia watu watazame wapi, na kubonyeza. Basi. Picha yenyewe ilimalizwa na mke wake. Alikaa kwenye meza ndogo karibu na dirisha, negativi mbele yake juu ya kioo kilichowashwa taa kwa chini, mkononi penseli iliyochongwa hadi ikawa kali kama sindano, na wembe. Kwenye negativi kila kitu ni kinyume: cheusi ni cheupe, cheupe ni cheusi. Ukikwangua kwa wembe, picha itatoka na giza mahali pale. Ukipaka penseli, itatoka nyeupe. Clotilde alifikiri kinyume namna hiyo kutwa nzima bila kukosea. Mwenye chunusi alitoka bila chunusi. Aliyelia usiku kucha alitoka amelala vizuri. Watu walivuka mji mzima, kwa baiskeli na kwa miguu, kutoka Panda na kwingineko, kwa ajili ya mkono wa Mama Clotilde.

Nataka niseme vizuri miaka ile ilivyokuwa, maana leo wadogo zetu wanafikiri miaka kumi ni kitu kimoja. Si kimoja. Miaka kumi ile ilibadilisha ngozi mara nne, na kila mara tuliambiwa kwamba ngozi ya zamani ilikuwa aibu.

Mwanzo, mwaka 1969, 1970, 1971, ilikuwa raha. Wasichana walivaa sketi fupi, mini, na wigi, na miwani kubwa nyeusi hata mvua ikinyesha. Wavulana walivaa tai nyembamba na suruali zilizopanuka chini zikafagia vumbi la shaba barabarani. Evariste alichorewa ukutani ndege na ngazi yake, na kila aliyesimama pale alionekana ameshuka sasa hivi kutoka Brussels. Nilikuwapo siku ile Hélène aliposimama. Alikuwa na miaka kumi na minane. Gauni jeupe, fupi, nililomshonea mimi mwenyewe. Wigi la kuazima. Miwani. Mguu mmoja mbele, mkono kiunoni, na kicheko kile chake cha upande mmoja, cha mtu aliyekula sukari ya watu na hajajulikana. Zilitoka picha mbili. Moja mama aliibandika kwenye kioo chake cha kuvalia. Nyingine Hélène alinipa mimi, kwa sababu ya gauni.

Kisha ikaja amri ya serikali. Turudi kwenye asili yetu, walisema kwenye redio, na asili yetu ikaelezwa na watu waliokuwa wamevaa tai wiki iliyopita. Tai marufuku. Mini marufuku, wigi marufuku, suruali kwa mwanamke marufuku. Hata majina ya ubatizo marufuku: Clotilde akaandikwa Kabedi kwenye kadi ya kitambulisho, Hélène akaandikwa Mwadi, na padri akabatiza watoto kwa sauti ya chini. Wanaume wote wakaingia ndani ya abakosi, lile koti lisilo na tai, lililofungwa hadi shingoni. Sikatai, pagne, kitenge cha kujifunga, ni vazi zuri, mama yangu hakuvaa kitu kingine maisha yake yote. Lakini mama alilivaa kwa sababu alilipenda, si kwa sababu kijana wa Chama tawala alisimama njiani akiwa na mkasi.

Kijana mwenyewe alikuwa Georges. Nilimjua. Mwaka 1970 alipigwa picha studioni kwetu na tai, suruali pana, na sigara ambayo hakuiwasha. Mwaka 1973 huyohuyo akaja na wenzake watano, wote na beji kifuani, wakasimama mbele ya dirisha la studio ambako Evariste alitundika picha nzuri. Georges akanyoosha kidole: hii, hii, na hii, zitoke. Zikatoka. Hawakukaa hata muda wa kuchemsha chai. Wakaenda kwa fundi cherehani jirani.

Hapo ndipo Evariste alipopata wazo lake. Mtu mwenye hofu hapaswi kuruhusiwa kuwa na mawazo. Alisema dirisha ni mwanzo tu, kesho watataka kufungua sanduku la negativi, lile la bati lililokuwa la biskuti. Kuzichoma hataki, maana mteja akirudi na namba yake anataka nakala, na hiyo ndiyo kazi. Kuzificha anaogopa. Basi zirekebishwe. Si picha, negativi zenyewe. Tai ziondoke, mini zirefuke, wigi ziwe vilemba. Sanduku likifunguliwa, wakute raia wema watupu.

Wapiga picha wengine mjini walichimbia vitu vyao chini ya kuku, wakangoja. Ni kwetu tu palipokuwa na mkono unaoweza kufanya upuuzi ule uonekane kama kazi. Na Clotilde, nasema kwa uchungu, alifurahi. Hakufurahia amri. Alifurahia ugumu. Kukwangua miguu miwili ya msichana na kuigeuza pagne yenye mikunjo na maua, kila ua na kivuli chake, ilikuwa kutarizi juu ya utando wa buibui kweli. Alikaa pale miezi mitatu. Wateja walipoona nakala mpya walicheka kwa furaha, wakamwambia: “Mume wangu amevaa abakosi kabla halijabuniwa, Mama Clotilde, mikono yako ibarikiwe.” Alibarikiwa hadi kichwa kikavimba.

Picha ya Hélène aliiacha ya mwisho. Hélène alikuja akasimama kwenye mlango wa studio, nami nikiwa ndani, akamwomba dada yake mkubwa. Hakupiga kelele, yeye ambaye alipiga kelele kwa kila kitu.

“Yaya, yangu uiache. Moja tu. Ile njo miye mwenyewe.”

Clotilde akamjibu kwamba hata kama ile ndiyo yeye mwenyewe, ya ndugu ndiyo itakayotazamwa kwanza, kwamba mke wa mpiga picha hawezi kurekebisha watoto wa watu na kumwacha wa kwao uchi. Hélène akaondoka. Clotilde akashika wembe. Miguu ikawa pagne. Wigi likawa kilemba. Kisha akaitazama miwani. Miwani haikukatazwa na mtu. Lakini haikupendeza na kilemba, alisema, ilivunja picha. Kwa hiyo akaiondoa, na mahali pake akachora macho. Macho mawili mapole, yanayotazama mbele, kwa ncha ya penseli. Na kwa kuwa macho yale hayakupatana na kicheko cha upande mmoja, akakisawazisha na kicheko.

Nakala mpya ikaenda kwa mama. Ile ya zamani Clotilde akaibandua kwenye kioo, akaichana vipande. Mama akaipokea ile mpya. Macho yake yalikuwa yameanza kufifia, na mtoto mwenyewe alikuwa hai, anaingia na kutoka, nani atazame karatasi?

Hélène alitazama. Akasema hatakaa tena mbele ya kamera ya nyumba ile mpaka dada yake amrudishie miguu yake. Tulidhani ni mzaha. Alikuwa mtu wa mzaha. Lakini mwaka ukapita, na wa pili, na kila Krismasi familia ilipopangwa mbele ya ile ndege, ambayo sasa ilikuwa imepakwa rangi ikawa mnazi, yeye alikwenda kumenya viazi.

Ngozi ya tatu ilikuwa ngoma za Chama, animasyo. Mwaka 1974 na kuendelea hapakuwa na ofisi, kiwanda wala shule isiyokuwa na kikundi. Hélène alikuwa karani wakati huo, akachaguliwa kwa urefu wake. Wanawake arobaini uwanjani, juani, pagne moja, uso mmoja wa Kiongozi wa nchi tumboni na mwingine makalioni, wakimwimbia mtu ambaye hayupo. Evariste aliwapiga picha kwa mbali. Zipo hadi leo. Ukinipa kioo cha kukuzia naweza kukuonyesha Hélène, mstari wa tatu, uso wake kama punje ya haragwe. Alicheza vizuri, hakuweza kucheza vibaya. Alirudi nyumbani miguu imevimba, akasema: hawa wamenikataza kuonyesha magoti, sasa wananilipa kutikisa kiuno.

Na ya nne ikaja bila kutangazwa. Kuelekea 1978 hakuna aliyejali tena. Shaba ilishuka, sabuni ikaadimika, umeme wa bwawa la Koni ulikatika tukala gizani. Vijana wakaanza kutafuta viatu vya Paris na mashati yenye majina ya mafundi wa huko kifuani. Walikopeshana koti moja watu sita, kila mtu na Jumapili yake. Wake wa wakubwa walishuka kwenye ndege Lubumbashi na wigi vichwani, za kweli, za bei. Hakuna aliyewasimamisha na mkasi. Mwanzoni nilifikiri kwamba hata sheria huchakaa kama nguo. Baadaye niliona kwamba haikuchakaa, ila tangu mwanzo haikushonwa kwa kipimo chao.

Hélène alicheka sana siku zile. Alimwambia Clotilde: sasa utakwangua nini? Wakapatana, nusu kwa mzaha. Hélène angekwenda Kolwezi kwa shangazi, na Jumamosi ya kurudi angesimama mbele ya kamera, kwa gauni fupi, na Clotilde asingegusa kitu. Nilianza kumshonea gauni hilo. Lori alilopanda lilipinduka njiani, akafa. Mkoba wake uliokuwa na kadi na ile picha ndogo ya kadi haukuonekana.

Sasa wajua kwa nini nina hasira. Kwetu maiti haikai matangani bila uso. Picha kubwa inawekwa mbele, watu wanapofika wanaisalimu kabla ya kumsalimu mama. Tulitafuta. Picha ya kadi, imepotea. Picha za ngoma, haragwe. Mama akaniuliza na mimi: ile ya gauni uliyopewa iko wapi? Nikajibu ilipotea nilipohama nyumba. Basi likabaki sanduku la bati.

Clotilde alikuza ile negativi akalia juu ya maji ya kusafishia. Akaileta asubuhi, ndani ya fremu, na kitambaa cheusi pembeni. Waombolezaji walisema amependeza. Mwanamke mpole, wa heshima, na kilemba chake. Mama akaomba isogezwe. Akaishika kwa mikono miwili akaiweka karibu kabisa na uso wake, kama anavyotafuta jiwe kwenye mchele. Alikaa nayo muda mrefu. Wimbo ukaisha, hakuna aliyeanzisha mwingine.

“Hii macho ni ya Clotilde,” alisema. “Mutoto yangu iko wapi?”

Hakusema kwa hasira. Afadhali angesema kwa hasira. Akairudisha, akaomba iwekwe mahali pake kwa ajili ya wageni, na siku zote nne za matanga aliketi akiipa mgongo.

Baada ya mazishi Clotilde alifungua ile negativi kwenye kioo chake akajaribu kurudisha. Nilimkuta. Penseli aliifuta, ikafutika, na chini ya macho yale miwani ilibaki madoa mawili yaliyochubuka. Lakini palipopita wembe hapakuwa na kitu. Maji yakimwagika hayazoleki. Alijaribu kuchora miguu ya Hélène kwa kukumbuka, akashindwa, yeye aliyechora miguu ya mji mzima. Aliniuliza goti la kushoto lilikuwaje, maana Hélène alianguka utotoni, kovu lilikuwa juu au chini? Sikukumbuka. Hakuna kati yetu aliyekumbuka.

Georges alikuja mwaka 1980, Jumatatu asubuhi, mimi nikiwa studioni kumsaidia Clotilde kupanga bahasha. Alikuwa ameota tumbo, anafanya kazi ya maandishi katika ofisi fulani mjini. Abakosi lake lilikuwa zuri, kola imefunguliwa. Alisalimia vizuri, akatoa kipande cha karatasi chenye namba, akaeleza akicheka kwamba wadogo zake wanaovaa Kiparisi wanamwita mzee, wanasema alizaliwa na abakosi. Alitaka ikuzwe ile picha yake ya 1970, ya tai na sigara, aitundike sebuleni wamwone.

Clotilde alisoma ile karatasi. Akainuka, akatafuta namba, akaweka negativi juu ya kioo, akawasha taa ya chini, akamwambia asogee. Georges akainama. Akaona kijana aliyefungwa vifungo hadi shingoni, na mkononi, badala ya sigara, kitabu kidogo. Clotilde alikuwa amemchorea hata kitabu.

“Tai yangu iko wapi?” aliuliza.

“Weye njo ulisema zitoke.”

Akashangaa, na nilimtazama usoni nikitafuta uongo, sikuuona. Akasema ile ilikuwa mode, mtindo tu, mama, mode inapita. Akasema wao walitumwa, na wenyewe walikuwa watoto. Kisha akasema lile neno ambalo nimelala nalo tangu siku hiyo.

“Lakini negativi tulizitafuta lini? Siye tuliangaria dirisha tu. Sanduku hakuna muntu alikuya kufungua.”

Clotilde alimtazama. Nilidhani atamrushia kioo. Nilitaka amrushie. Alizima taa, akaitia negativi kwenye bahasha yake, akaiweka mikononi mwa Georges.

“Bakubwa yako beko na wigi sasa,” alimwambia. “Miye sina tena mudogo yangu Hélène. Kamata picha yako, iko ya bure. Tena usirudie hapa.”

Georges akaondoka na bahasha yake, kwa haya, ameinamisha kichwa. Na mimi nikaanza kumtukana. Nilimtukana yeye, na Chama chake, na redio, na Evariste na hofu yake, ambaye alikuwa chumba cha nyuma anasikia kila neno na hakutoka. Nilitukana hadi sauti ikakauka. Clotilde aliningoja nimalize. Kisha akaniuliza, polepole, kama mtu anayeuliza habari ya safari, ile picha yangu, ya gauni, ilipotea kweli?

Mwenye hasira kubwa mara nyingi anajificha nyuma yake, nami nilijificha miaka saba. Nikamwambia. Wiki ileile Georges alipopita dirishani kwao, niliitoa picha ya Hélène kwenye kitabu changu cha sala, nikaitia kwenye mbabula, juu ya makaa ya kupikia maharagwe. Hakuna aliyenituma. Hakuna aliyekuja kupekua kwangu, si siku ile wala nyingine. Yeye angalau alikwangua akiacha kitu. Mimi sikuacha hata kilemba.

Clotilde hakunigombeza. Alikwenda kwenye meza yake, akachukua ule wembe na zile penseli, akavifunga ndani ya kitambaa, akavitia kwenye sanduku la biskuti. Tangu siku hiyo anayekuja na chunusi anatoka na chunusi, na wateja wengi wamehamia kwingine.

Gauni nililoanza kumshonea Hélène bado liko kwangu, bila upindo. Mwaka jana mama alipokuwa anakaribia kutuacha, aliliomba. Alikuwa haoni tena. Alilipapasa kutoka mabegani hadi chini, akafika mwisho wa kitambaa, akaweka mkono wake pale ambapo goti lingekuwa.

“Kovu ilikuwa hapa,” alisema. “Chini.”